Brigedia Mbita na mizigo isiyotajwa

Wasikilizaji wapenzi, kamwene. Kwa ninyi mnaonisikiliza mkiwa mbali na Nyanda za Juu Kusini, hiyo ndiyo salamu yetu, na leo nimeitanguliza kwa sababu mazungumzo ya wiki hii yameanzia nyumbani kwetu Lugarawa, wilayani Ludewa. Yameanzia kwenye msiba.

Mwezi Julai nilikwenda kumzika baba yangu mdogo. Anayeijua Lugarawa ya Julai hahitaji kuelezwa baridi yake. Ukungu unakaa juu ya migomba mpaka saa nne asubuhi, na watu wanasimama makaburini wamejifunga mablanketi. Katekista alisoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa mwaka 1951. Alibatizwa. Alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alistaafu, akawa mkulima wa mahindi na viazi. Ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu. Basi. Miaka zaidi ya 20 ya utumishi wa mtu ilipita kwa sentensi mbili fupi, tukatupa udongo, tukaimba, tukarudi nyumbani.

Jioni tukiwa tumeuzunguka moto, kikombe cha ulanzi kikizunguka na chenyewe, mzee mmoja aliyetoka upande wa Mlangali, aliyetumikia jeshi pamoja na marehemu, aliniinamia akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, baba yako mdogo alikuwa dereva. Alibeba mizigo ya Mbita." Kisha akanyamaza, kana kwamba ametamka neno lililomponyoka.

Vijana waliokuwa karibu walisikia. Mmoja akauliza, "Mbita ndiye nani, babu? Mfanyabiashara?" Wenzake wakacheka. Nami nilitaka kucheka, lakini nikaona nizunguke kwanza kuuliza. Walikuwa vijana 11, wengine wamemaliza kidato cha nne, wawili wamemaliza cha sita. Hakuna aliyelijua jina hilo. Mmoja wa wale wawili, kijana mwenye akili nzuri kabisa, alinieleza bila kukosea habari za George Washington: jenerali aliyeongoza jeshi la makoloni dhidi ya Waingereza, akarudisha madaraka ya kijeshi vita vilipokwisha mwaka 1783, baadaye akawa Rais wa kwanza wa Marekani, na sura yake iko kwenye noti ya dola 1. Simlaumu kijana yule. Kumjua Washington si kosa. Kilichonisumbua ni kwamba alimjua mwanajeshi na mwanasiasa wa ng'ambo ya bahari, wa zaidi ya miaka 200 iliyopita, lakini hakumjua wa kwetu aliyefariki dunia mwaka 2015, ambaye mizigo yake ilibebwa na babu yake mwenyewe.

Basi wiki hii, kwa ruhusa yenu, nitazungumza habari za hayati Brigedia Jenerali Hashim Mbita.

Alizaliwa Tabora tarehe 2 Novemba 1933. Alisoma hukohuko Tabora, katika sekondari ya serikali ileile aliyosoma hayati Mwalimu Julius Nyerere kabla yake. Kazi iliyomtambulisha mapema ilikuwa hii yangu, kazi ya habari. Alikuwa ofisa habari wa serikali katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na katika miaka ya 1960 akapanda mpaka kuwa mwandishi wa habari wa Rais. Tafakarini maana ya kazi hiyo. Mwandishi wa habari wa Rais husikia mambo 10 akaandika 2. Nane yaliyobaki anakwenda nayo nyumbani, analala nayo, na mkewe hayajui. Nadhani ndipo Mbita alipojifunza ustadi uliomfaa zaidi baadaye.

Kisha akafanya jambo ambalo waandishi wengi wa habari, nikiwamo mimi, tusingelithubutu. Umri umeshapita miaka 30, akavaa magwanda. Jeshi lenyewe lilikuwa changa. Lile la zamani, lililorithiwa kutoka kwa Waingereza, liliasi Januari 1964, likavunjwa, na Septemba mwaka uleule likaundwa Jeshi la Wananchi. Mwalimu alitaka jeshi lisiwe kisiwa, liwe na watu wanaoijua siasa ya nchi. Mbita alipelekwa Uingereza, katika chuo cha maofisa cha Mons, kati ya 1968 na 1969. Hapo pana kichekesho kidogo cha historia. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965, kwa sababu Waingereza walishindwa kumzuia Ian Smith na walowezi wenzake walipojitangazia uhuru wao kule Rhodesia. Uhusiano ukarudishwa katikati ya 1968. Kwa hiyo tulimpeleka Mbita kujifunza uofisa kwa watu tuliokuwa tumegombana nao juzi tu, na alichojifunza akakitumia katika ugomvi uleule.

Aliporudi alikuwa Katibu Mtendaji wa TANU mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wazee wanakumbuka jina la Meja Mbita kutoka enzi hizo, enzi za Mwongozo wa 1971. Lakini si hilo lililompeleka katika historia ya Afrika. Katika nusu ya kwanza ya miaka ile ya 1970 alikabidhiwa ofisi moja hapo Dar es Salaam, na hakuiacha mpaka 1994. Ofisi hiyo ni Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Kwa vijana wangu wa Lugarawa, Kamati hiyo iliundwa Mei 1963 kule Addis Ababa, siku zilezile ulipozaliwa Umoja wenyewe wa OAU. Wanachama wa mwanzo walikuwa nchi 9, Tanganyika ikiwa mojawapo, na makao makuu yakawekwa Dar es Salaam. Makatibu watendaji wake wote walikuwa Watanzania: Sebastian Chale, kisha George Magombe, kisha Mbita. Kazi ya Kamati ilikuwa kukusanya michango ya nchi huru na misaada ya marafiki, kuigawa kwa vyama vya ukombozi, na kulishauri Baraza la Mawaziri wa OAU ni chama kipi kitambuliwe na kipi kisitambuliwe.

Neno hilo "kutambuliwa" lilikuwa zito kuliko bunduki. Chama kilichotambuliwa kilipata fedha, kambi, hati za kusafiria, hata dakika za kuzungumza katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Watangazaji wenzangu wa zamani wanakumbuka jinsi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wa Zimbabwe walivyokuja kwenye studio zetu kuwasemesha watu wao walioko ndani ya nchi zilizokaliwa. Chama kisichotambuliwa kilibaki na makaratasi yake na ofisi ya kukodi mtaani. Na kila chama kilidai kuwa ndicho kinachopigana, chenzake kinakunywa bia Dar es Salaam. Katibu Mtendaji ndiye aliyetakiwa kujua ukweli ni upi.

Hapo, wasikilizaji, ndipo uandishi wa habari na uanajeshi vilipokutana ndani ya mtu mmoja. Kujua nani anapigana kweli na nani anatoa matamko ni kazi ya ripota. Kujua chama fulani kinahitaji risasi ngapi na buti ngapi ni kazi ya askari. Na kuwaambia mawaziri wa nchi zaidi ya 40 jambo wasilotaka kulisikia, nao wasikasirike wakazuia michango, hiyo ni kazi ya mwanasiasa. Michango yenyewe ilikuwa ya kusuasua. Zilikuwapo nchi hodari wa hotuba ambazo ada zao za mwaka hazikuonekana.

Nitoe mfano mmoja, nao ni wa karibu na sisi kuliko wengi wanavyojua. Mgagao. Siku hizi iko Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, na sisi wa Njombe na Ludewa tulikuwa mkoa huohuo mmoja na Iringa mpaka tulipogawanywa mwaka 2012. Mgagao ilikuwa kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Mwaka 1975 mambo yao yalikuwa mabaya. Machi 18 mwenyekiti wao wa vita, Herbert Chitepo, aliuawa kwa bomu mjini Lusaka. Serikali ya Zambia ikawakamata viongozi na wapiganaji wengi wa ZANU. Wanasiasa waliobaki nje walikuwa wakigombania vyeo. Vita vikasimama.

Oktoba mwaka huo, maofisa vijana wa ZANU waliokuwa Mgagao, katika baridi yetu hii ya Iringa, waliandika waraka. Walisema hawawatambui tena Ndabaningi Sithole na Abel Muzorewa kuwa viongozi, na kwamba kama kuna mtu wa kusema nao, basi ni Robert Mugabe. Waraka huo ukapelekwa kwa serikali za Tanzania na Msumbiji na kwa Kamati ya Ukombozi. Aliyekuwa na jukumu la kupokea makaratasi ya namna hiyo upande wa Kamati alikuwa Mbita.

Jiwekeni mahali pake. Askari wanakuandikia kwamba wamewakataa wakubwa wao. Kanuni ya jeshi inasema huo ni uasi. Kanuni ya Umoja inasema vyama vinaongozwa na viongozi waliotambuliwa. Lakini macho yako yanaona kwamba hao walioandika ndio pekee walio tayari kurudi vitani. Mwezi uliofuata liliundwa jeshi la pamoja la wapiganaji wa ZANU na ZAPU, na vita vikaanza tena mapema 1976. Si kwamba mambo yalinyooka. Mwaka huohuo wa 1976 wapiganaji wa vyama hivyo viwili walipigana wenyewe kwa wenyewe, hapohapo Mgagao na pia Morogoro, na watu walikufa. Hao hawakuuawa na Ian Smith. Waliuawa na wenzao, katika ardhi yetu, na wakazi wa vijiji vya jirani walisikia milio.

Angola ilikuwa kazi nyingine. Vyama vitatu, MPLA, FNLA na UNITA, vyote vilikuwa vimetambuliwa, na Januari 1975 vilitia saini mkataba wa pamoja na Wareno kule Alvor. Kabla uhuru haujafika tarehe 11 Novemba vilikuwa vinauana mitaani Luanda, huku jeshi la makaburu likiingia kutoka kusini na Wacuba wakija kuisaidia MPLA. Januari 1976 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Addis Ababa, nchi 22 zikasema tuitambue MPLA peke yake, nchi 22 zikasema hapana, tutake serikali ya umoja. Ishirini na mbili kwa ishirini na mbili! Mtu ambaye kazi yake ni kutekeleza uamuzi wa Afrika moja anafanya nini Afrika inapokuwa mbili sawasawa? Tanzania ilikuwa upande wa MPLA, na wiki chache baadaye nchi nyingi zilifuata. Lakini usiku ule naamini mashavu ya makatibu pale Addis Ababa yalikuwa yamekauka.

Nisemapo haya sitaki msikilizaji adhani namsimulia malaika. Kamati na serikali yetu zilikuwa na kanuni ya kukiamini chama kilichotambuliwa kuhusu mambo yake ya ndani, na kanuni hiyo iliwaumiza watu. Mwaka 1976 baadhi ya viongozi wa SWAPO waliopingana na wakubwa wao, akiwamo Andreas Shipanga, walikamatwa Zambia, wakaletwa kwenye magereza ya Tanzania, wakakaa humo bila kufikishwa mahakamani mpaka 1978. Watu hao walikuwa wapigania uhuru. Walifungwa katika nchi iliyokuwa ikiwapigania. Jambo hilo nalo ni letu, na anayetaka kumheshimu Mbita hana sababu ya kulificha, kwa sababu ukubwa wa kazi yake hautegemei kufichwa kwake.

Sasa nirudi kwenye ile mizigo.

Silaha, dawa, nguo na vyakula vya wapigania uhuru viliingia kwa sehemu kubwa kupitia bandari ya Dar es Salaam. Vilitoka China, Urusi ya wakati ule, nchi za Ulaya ya Mashariki, Aljeria na kwingineko. Nchi za Skandinavia zilileta misaada isiyo silaha. Jeshi letu ndilo lililopokea, likahifadhi, likasafirisha. FRELIMO walikuwa Nachingwea. Kongwa kulikuwa na kambi tangu katikati ya miaka ya 1960. ANC baadaye walikuwa na shule yao Mazimbu, Morogoro. Kila kreti lilihitaji dereva, na kila dereva alihitaji kujifunza kutojua amebeba nini. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Yule mzee alinieleza kuwa karatasi ya safari iliandikwa "vifaa", na ukisimamishwa njiani ukaulizwa vifaa gani, jibu ni "vifaa".

Wengi wetu hapa nyumbani tunadhani vita vile vilikuwa vya mbali. Nani kasema? Sisi wa Ludewa tumepakana na Ziwa Nyasa. Ng'ambo ya maji alikuwapo Kamuzu Banda, aliyeanzisha uhusiano wa kibalozi na makaburu mwaka 1967, jambo ambalo hakuna nchi nyingine huru ya Afrika Kusini mwa Sahara iliyothubutu wakati ule. Upande wa mashariki yetu, ndugu zetu wa Ruvuma na Mtwara walipigwa mabomu na Wareno na kukanyaga mabomu ya ardhini kando ya mto. Na pale Makambako, ambapo wasikilizaji wangu wengi hubadilisha basi, mkiwa mnakula mahindi ya kuchoma hebu tazameni stesheni ya TAZARA. Ile reli ya kilometa 1,860, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa Julai 1976, haikujengwa ili tusafirishe viazi, ingawa tunashukuru kwa viazi. Ilijengwa ili Zambia ipate njia ya baharini isiyopita mikononi mwa walowezi. Januari 1973 Smith alifunga mpaka wake na Zambia, na Kaunda alipoufunga wa kwake hakuufungua tena kwa miaka, kwa sababu alijua reli inakuja. Kijana anayeuza maji ya chupa pale stesheni anafanya biashara juu ya jiwe la msingi la ukombozi, na hajaambiwa.

Nchi zikawa zinapatikana moja baada ya nyingine. Msumbiji tarehe 25 Juni 1975. Angola Novemba mwaka huo. Zimbabwe tarehe 18 Aprili 1980. Namibia tarehe 21 Machi 1990. Aprili 1994 wananchi wa Afrika Kusini, weusi kwa weupe, wakapanga mstari kupiga kura, Nelson Mandela akawa Rais. Mwaka huohuo Kamati ya Ukombozi ikafungwa.

Jambo hilo huwa nalifikiria sana. Mmeona ofisi ngapi katika Afrika yetu ambazo zilimaliza kazi, zikafunga hesabu, zikakabidhi funguo? Tume huzaa tume. Kamati ya kutokomeza kitu fulani hudumu kuliko kitu chenyewe. Mbita aliongoza ofisi ambayo siku ya ushindi wake ndiyo siku ya kupoteza kazi, na akaifanya kazi hiyo kwa miaka takribani 20. Washington wa yule kijana wangu alirudisha madaraka vita vilipokwisha, na Wamarekani mpaka leo wana mchoro mkubwa wa tukio hilo katika jengo la bunge lao. Sisi wa kwetu tulimwacha arudi nyumbani kwake Dar es Salaam. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipelekwa Zimbabwe kuwa Balozi wetu, kwa watu aliowafahamu tangu walipokuwa makambini.

Si kweli kwamba alisahauliwa na kila mtu. Nchi za SADC zilimtunuku medali ya Sir Seretse Khama mwaka 2010. Na uliendeshwa mradi uliopewa jina lake, wa kukusanya kumbukumbu za ukombozi wa Kusini mwa Afrika, ambao mwaka 2014 ulitoa vitabu 9. Ni kazi kubwa na ya heshima. Lakini ni vitabu vya bei, sehemu kubwa kwa Kiingereza. Nimevitafuta Njombe mjini, sikuvipata. Nilipomweleza yule mzee wa Mlangali kuwa vipo vitabu 9 juu ya mambo aliyoyafanya yeye na wenzake, aliniuliza swali moja tu: "Sisi tumo?"

Sasa niungame kosa langu mwenyewe, kwa kuwa si haki kuwasema vijana nikajiacha. Mwaka 2014, vile vitabu vilipozinduliwa, niliamua nitamtafuta Mzee Mbita nimhoji. Niliandika maswali, kurasa 4. La kwanza lilikuwa: ulipataje usingizi? Nilitaka kujua pia ilikuwaje mtu aliyefundishwa kuandika habari akakaa juu ya habari kubwa kuliko zote za Afrika kwa miaka yote hiyo bila kuiandika. Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa, ikaja kazi nyingine, gari likaharibika, nikasema mwezi ujao. Tarehe 26 Aprili 2015, sikukuu ya Muungano, nikiwa nyumbani, nikasikia katika redio kwamba Brigedia Jenerali Mbita amefariki dunia Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 81. Siku iliyofuata Afrika Kusini ilikuwa inaadhimisha miaka 21 ya uchaguzi wake wa kwanza. Zile kurasa 4 ninazo bado.

Na baba yangu mdogo nilikuwa namtembelea kila Krismasi. Tulizungumza mbolea.

Mwaka 1986 mpaka 1988 jeshi letu lilikuwa tena Msumbiji, safari hii kuisaidia serikali ya FRELIMO dhidi ya RENAMO. Askari wetu waliokufa huko wamezikwa Naliendele, Mtwara. Sijui kama baba yangu mdogo alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Shangazi anasema kuna miaka miwili ambayo barua zake zilikuwa fupi. Mjane wake anasema alirudi mwembamba, akawa hataki kulala karibu na dirisha. Hatukuuliza. Alikuwa ameapa kunyamaza, nasi tukamsaidia kunyamaza mpaka kaburini, hata siku ambazo adui aliyesababisha kiapo hicho alishasalimu amri na kwenda zake.

Mwishoni mwa Agosti nilirudi Lugarawa. Safari hii sikuwa na msiba. Nilikuwa na kinasa sauti na betri za akiba. Nilipita kwanza kwa mama mdogo, akanipa picha moja ndogo ya marehemu akiwa kijana, ameegemea lori la jeshi, kofia imekaa upande. Nyuma hapakuandikwa kitu. Kesho yake nikaenda Mlangali kwa yule mzee. Nilimkuta anapalilia ngano. Tukakaa chini ya mti, nikatoa kinasa sauti, nikakiweka juu ya gunia.

Alikitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ruhusa imetoka?"

Nikamwambia, babu, Kamati ilifungwa mwaka 1994. Mzee Mbita mwenyewe hatunaye tangu 2015. Makaburu walikabidhi nchi, na Wareno na Smith kabla yao.

"Najua," akasema. "Redio ninayo. Nauliza ruhusa imetoka?"

Sikuwa na jibu. Sikuona popote karatasi inayosema askari wa kawaida, dereva wa Lugarawa, sasa anaruhusiwa kumwambia mjukuu wake alichobeba. Nikamwambia ukweli huo. Akafikiri, akang'oa magugu mawili yaliyokuwa karibu na mguu wake. Kisha akavua kofia.

"Andika," akaniambia, ingawa kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. "Tuliondoka Dar es Salaam saa nne usiku, malori saba. La baba yako mdogo lilikuwa la tatu."

Ninazo dakika 47 za mwanzo. Nitawasikilizisha wiki ijayo, muda kama huu.